Zimwi la Meno ya Chuma: Hadithi za Kutisha za Uwanja wa Shule (Sehemu ya Tatu)

Wasomaji waliofuatana nami katika sehemu mbili zilizotangulia wamekwisha kuijua asili ya usiku wa Halloween, safari yake ya kutoka Ireland na Scotland hadi Marekani pamoja na wahajiri, na namna boga lilivyopata cheo cha kuwa taa. Kwa hiyo hayo sitayarudia. Nia yangu ilikuwa kuendelea leo na mavazi na vinyago vya usiku huo, lakini khabari zinazotufikia tena Oktoba hii, za shule za msingi huko Marekani zinazofuta gwaride la watoto waliovaa mavazi ya kutisha, na za wazazi wanaotaka vitabu vya mizuka viondolewe katika maktaba za shule, zimenilazimu nitangulize jambo ambalo nimelipenda na kulifuatia tangu ujana wangu, nalo ni hadithi ambazo watoto husimuliana wao kwa wao uwanjani, kengele ya mapumziko ikisha kulia. Hukumu juu ya hadithi hizi hutolewa kila mwaka, na aghalabu hutolewa na watu wasiowahi kuzisikiliza.

Mfano ulio bora kuliko yote niijuayo ni wa mji wa Glasgow, katika mtaa wa Gorbals, ambao zama hizo ulikuwa mtaa wa nyumba za ghorofa zilizobanana, wenye umaskini mwingi na watoto wengi. Jioni ya tarehe 23 Septemba, 1954, majuma matano kabla ya Halloween, askari polisi mmoja, Alex Deeprose, aliitwa aende katika makaburi makubwa ya Southern Necropolis, yaliyofunguliwa mwaka 1840, kwa kuwa palikuwa na ghasia. Alipofika hakukuta walevi wala wezi, bali mamia ya watoto, wakubwa wao wa miaka 14 na wadogo wao wa miaka minne tu, wameshika visu na vijiti vilivyochongwa ncha, wengine wamefuatana na mbwa wao, wanapita baina ya mawe ya makaburi na kuchungulia kila penye kivuli. Walimjibu kwa yakini kwamba wanalitafuta zimwi linyonyalo damu, lenye kimo cha futi saba na meno ya chuma, ambalo limekwisha kuwaua na kuwala wavulana wawili.

Nyuma ya ukuta wa makaburi hayo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma, na usiku ulipoingia mwanga mwekundu wa matanuri yake ulipanda na kushuka juu ya moshi, ukayamulika mawe kwa ghafula, kisha ukayaacha gizani. Na mtoto aliyejibanza pale na kijiti chake mkononi, akauona mwanga ule ukitembea juu ya kaburi, hakuhitaji ushahidi mwingine wa kwamba zimwi limeamka. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu alitoka akawaambia kwamba jambo hilo ni upuuzi mtupu na kwamba warudi makwao, lakini kilichowatawanya hasa ni mvua. Siku mbili zilizofuata, jua lilipotua, walirudi tena. Hapakuwa na mtoto yeyote aliyepotea, wala polisi hawakuwa wamepokea taarifa ya mauaji yoyote ya namna ile. Khabari nzima ilizaliwa katika viwanja vya shule, ikavuka kutoka shule hii hadi ile kwa ndimi za watoto, na kengele ya kutoka ilipolia kila mmoja alikuwa anajua mahali pa kukutana.

Sasa na tuangalie walivyofanya watu wazima. Magazeti yalitafuta wa kulaumiwa, nao wakapatikana upesi: vitabu vya katuni za kutisha kutoka Marekani, vilivyokuwa vikiuzwa kwa senti chache. Mwaka ule ule wa 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alikuwa ametoa New York kitabu chake cha kuzishutumu katuni kwamba zinaharibu watoto, na kamati ya Baraza la Senate la Marekani ilikwisha kukaa kulisikiliza shauri hilo. Huko Uingereza chama cha walimu, watu wa makanisa na Wakomunisti, ambao katika mambo mengine hawakuweza kuketi chini ya paa moja, walisimama pamoja dhidi ya katuni hizo, na kisa cha watoto wa Gorbals kikawa miongoni mwa hoja zao. Mwaka 1955 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watoto na machapisho yenye madhara, iliyopiga marufuku vitabu vya hadithi za picha vyenye ukatili na mambo ya kuchukiza vinavyoweza kumpotosha mtoto. Hivyo uvumi wa uwanja wa shule ulisaidia kuzaa sheria ya dola kubwa, na wazee wakalala wakiwa na hakika kwamba zimwi limefungwa.

Miaka zaidi ya 30 ilipita, ndipo wataalamu wawili wa Scotland, Sandy Hobbs na David Cornwell, walipolichunguza jambo hili kwa utulivu, na matokeo ya uchunguzi wao yanastahili kusomwa na kila mwenye mamlaka juu ya watoto. Walitafuta katika katuni za wakati ule zimwi lenye meno ya chuma wasilione. Kadhalika waligundua kwamba watoto wa Glasgow walikuwa wamekwisha kutoka makundi kwa makundi kuwinda mizuka katika miaka ya nyuma, kabla ya katuni hizo kufika mjini. Na meno ya chuma yenyewe yalipatikana mahali pasipotazamiwa: katika shairi la Kiskoti la Alexander Anderson, mtu aliyeanza maisha yake kwa kazi ya kutengeneza njia ya reli na kuishia kuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambalo ndani yake mama humtisha mtoto asiyetaka kulala kwa bibi mmoja Jenny mwenye meno ya chuma, na shairi hilo lilikuwamo katika vitabu vilivyosomwa shuleni. Tena, mtoto yeyote aliyekwenda kanisani angeweza kumkuta mnyama mwenye meno ya chuma katika sura ya saba ya Kitabu cha Danieli. Ole wetu! Mshtakiwa aliletwa kutoka ng'ambo ya bahari, ilhali zimwi lilikuwa likilishwa na kunyweshwa na mama, mwalimu na mhubiri.

Hapa ndipo ninaposhikilia hoja yangu, nami naiamini kwa moyo wangu wote: hadithi ya kutisha ya mtoto ni amana aliyoipokea kwetu, akaikata na kuishona upya ipate kumkaa mwilini. Iona na Peter Opie, mke na mume Waingereza waliotumia umri wao katika elimu hii, walikusanya maneno, nyimbo, mizaha na hofu za watoto wapatao 5,000 wa shule 70, wakachapisha kazi yao mwaka 1959. Na baada ya hapo Bibi Opie aliendelea kwa miaka zaidi ya kumi kwenda kila juma katika uwanja wa shule moja ya kijijini, akisimama pembeni na daftari lake wakati wa mapumziko. Mke na mume hawa walionyesha kwamba viko vitu ambavyo watoto hurithishana karne baada ya karne bila mtu mzima kuingilia kati, kwa kuwa mwanafunzi wa miaka tisa humfunza wa miaka saba, naye, kabla hajavisahau, huwa amekwisha kumpata wa kumfunza.

Huko Marekani iko hadithi ipendwayo sana na watoto ya msichana aliyevaa utepe wa kijani shingoni. Rafiki yake humwuliza kwa nini haufungui, hamwambii. Wanaoana, wanazeeka, na siku ya kufa kwake humruhusu mumewe aufungue, na kichwa kinaanguka sakafuni. Mwandishi Alvin Schwartz aliitia katika kitabu cha watoto wanaoanza kusoma mwaka 1984, na msichana akampa jina la Jenny, kana kwamba meno ya chuma yamempisha dada yake. Lakini mwaka 1824 Washington Irving, yule aliyetupa mwalimu wa shule anayekimbizwa na mpanda farasi asiye na kichwa, alikwisha kuandika kisa cha mwanafunzi wa Kijerumani mjini Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, aliyekutana usiku na mwanamke mwenye ukanda mweusi shingoni; ukanda ulipofunguliwa asubuhi ilidhihirika kwamba mwanamke yule alikuwa amekatwa kichwa jana yake. Mashine ya kukatia vichwa ya Paris, baada ya miaka mia na sitini, imekuwa utepe katika kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza! Huyu Schwartz alikuwa mtu wa utafiti, na katika mkusanyo wake maarufu wa mwaka 1981 aliweka maelezo ya mahali kila hadithi ilipotoka. Hata hivyo vitabu vyake vya hadithi za kutisha ndivyo vilivyoongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi katika miaka ya 1990.

Wala sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka. Nani aliyesoma Mombasa, Tanga au Dar es Salaam asiyeisikia, chini ya mwembe wa shule, khabari ya mwanamke mzuri aliyejitanda baibui, ambaye upepo ulipoinua pindo lake zilionekana kwato za punda? Na khabari za mumiani anyonyaye damu hazikuenezwa na watoto: ni wazee wetu, watu wenye ndevu na heshima zao, waliofunga milango mapema na kuwaogopa hata wazima moto na gari lao. Mtoto wa Gorbals alikwenda kulikabili zimwi akiwa na kijiti. Mtu mzima aghalabu hulikimbia, kisha akatunga sheria.

Tukirudi katika khabari za Oktoba hii, sisemi kwamba kila shule iliyofuta gwaride imekosa. Yako madarasa yenye watoto ambao wazazi wao hawawezi kununua mavazi, na ziko nyumba ambazo dini yao haiukubali usiku huo. Kulichunga jambo hilo ni adabu njema. Ninachokipinga ni dhana kwamba kwa kufuta sherehe na kuondoa kitabu rafuni mtoto ataondokewa na hofu. Hofu atakuwa nayo, maana ameiona katika nyuso zetu. Kilichosalia ni ama aibebe peke yake usiku kitandani, ama aisimulie mchana mbele ya hirimu zake, wapige kelele pamoja, wacheke pamoja, na kengele ikilia warudi darasani wakiwa wamejifunza kwamba jambo la kutisha linaweza kusemwa na msemaji akabaki salama.

Kwa hiyo nawasihi walimu wetu, hasa wa shule za msingi, wafanye kama Bibi Opie: wachukue daftari, wakae kimya pembeni mwa uwanja, waandike wanayoyasikia, pamoja na jina la shule na mwaka, bila kuyasahihisha. Edward Steere alizichapa ngano za Unguja mwaka 1870, na mpaka leo twamshukuru kwa kuziandika kabla hazijapotea. Ngano za watoto wetu wa leo nazo zinatamkwa kila siku saa nne asubuhi, na anayeweza kuzihifadhi yupo papo hapo, na kalamu anayo mkononi. Na mwenye kutaka kuzikataza, azisikilize kwanza mpaka mwisho, kisha ajiulize ni nani aliyemfunza mtoto huyu kuogopa. Katika sehemu ijayo, inshallah, nitayarudia mavazi na vinyago.