Ubunifu wa Wakulima wa Mara Uandikwe

Katika mashamba ya Nyakato mjini Musoma, mkoani Mara, kama yalivyo ya Bunda na Butiama, muhogo hupandwa kwa pingili, yaani vipande vya shina, ambazo mkulima huzikata kwenye mmea uliostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, kisha akawagawia ndugu na majirani bila malipo. Kazi hiyo ya kuteua mbegu msimu hadi msimu, akiifanya mtafiti katika kituo cha Ukiriguru, huitwa utafiti.

Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012, iliyofuatiwa mwaka 2015 na Tanzania kujiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, humpa mgunduzi haki ya pekee ya kuzalisha na kuuza mbegu yake kwa muda maalumu, mradi aina hiyo iwe mpya, itofautiane na nyingine, mimea yake ifanane na isibadilike kizazi hadi kizazi. Hapo ndipo mtama wa kienyeji unapokwama, kwa maana nguvu yake imo katika kutofanana: jua likikausha mimea mingine, mingine husalimika, na familia ikavuna.

Mkulima anayegawa mbegu bure hadharau haki yake, bali anaweka akiba kwa jirani, kwa kuwa ukame ukimmalizia ghala atakwenda kuomba mbegu ileile. Haki ya kuwazuia wengine haimfai sana; inayomfaa ni ya kutozuiwa yeye.

Mfano wa hatari ya kuzuiwa upo katika mwarobaini, mti unaofahamika sana Tanzania. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, juu ya kutumia mafuta ya mti huo dhidi ya ukungu wa mimea. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005, kwa sababu wapingaji walileta ushahidi kwamba maarifa hayo yalikwishatumika India.

Ujuzi wa Mara uliomo vichwani mwa wazee tu hautakuwa na ushahidi wa namna hiyo. Maafisa ugani na serikali za vijiji na mitaa waanze sasa, kwa ridhaa ya wakulima wenyewe, kuandika mbegu, dawa na mbinu zao, pamoja na jina la mwenye ujuzi, mahali na mwaka.