Madoa ya Manjano katika Udongo wa Mikoko

Mkulima wa Delta ya Rufiji, uwe Salale, Mbuchi au Maparoni, ukichimba udongo uliokuwa wa mikoko, angalia rangi yake. Ukiona tope la kijivu lenye madoa ya manjano hafifu kama mabua makavu ya mpunga, hasa katika vijitundu vilivyoachwa na mizizi iliyooza, usidhani kuwa ni mbolea. Yaelekea ni madini yaitwayo jarositi, nayo ni dalili ya udongo mchachu sana.

JAROSITI NI NINI?

Ni ndugu wa shabu, ile tunayonunua dukani kusafishia maji. Shabu ina potashi, alumini na salfa. Jarositi ina potashi, chuma na salfa. Lakini shabu huyeyuka upesi majini, na jarositi haiyeyuki ila kidogo mno. Kwa hiyo potashi iliyomo haiufai mpunga wako.

HUTOKEAJE?

Maji ya bahari yana salfa. Yanapojaa juu ya tope la mikoko, penye majani yaliyooza na pasipo hewa, vijidudu huibadili salfa hiyo, ikaungana na chuma kilichomo topeni. Ndiyo sababu tope hilo hunuka kama yai bovu. Maadamu limefunikwa na maji, halidhuru. Likikaushwa, hewa huingia, na salfa hugeuka kuwa tindikali kali. Hapo ndipo jarositi huzaliwa.

MADHARA YAKE

Tindikali huyeyusha alumini na chuma vilivyo udongoni. Mizizi ya mpunga hudumaa, majani hupata rangi ya kutu, na mbolea ya fosfeti hushikwa na udongo isiufikie mmea. Huko Casamance, nchini Senegal, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulikausha matope ya namna hii. Chumvi na uchachu vikawafanya wakulima kuacha mashamba mengi ya mpunga.

FANYA HIVI

1. Kabla ya kuchimba mfereji, chimba mashimo ya kina cha mita 1 mahali mbalimbali. Ukiona manjano hayo, au ukisikia harufu ya yai bovu, usiukaushe udongo huo.

2. Twaa bonge la tope, uliweke kivulini likiwa na unyevu kwa muda wa wiki 8. Kisha mwombe bwana shamba alipime. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 4, mahali hapo ni pa hatari.

3. Usiache majaruba yakauke na kupasuka. Ikiwa yamekauka, yaache maji ya mvua za kwanza yasafishe uchachu na kutoka. Kisha ziba matuta, uyaweke maji matamu mpaka mpunga ukomae.

4. Chokaa husaidia, lakini udongo huu hula chokaa nyingi. Jaribu kwanza katika jaruba moja dogo.

5. Usifyeke mikoko kutafuta shamba jipya. Mikoko ya Delta ni msitu wa hifadhi, na sheria huilinda. Tena tope lililo chini yake laweza kukupa mavuno ya miaka michache tu, kisha likakuachia ardhi isiyoota kitu.

Tope likiwa chini ya maji ni salama. Ukilikausha, umeiamsha tindikali, na kuituliza tena ni kazi ya miaka mingi.