Je, Wajua? Kioo Kimoja, Sura Mbili
Obsidiani ya Mlima Eburru, karibu na Naivasha, ni nyeusi, nzito na ikivunjwa huacha ncha kali. Pamisi, lile jiwe la kusugulia visigino, ni la kijivu na huelea majini. Hata hivyo, yote mawili ni kioo cha volkano, na mara nyingi huzaliwa na magma ya aina moja yenye silika nyingi. Kilichoyatenganisha ni gesi: ikishatoka, lava hupoa ikawa kioo kigumu, ikinaswa ndani, huumuka kama maandazi. Utasema weusi wa obsidiani wathibitisha kuwa ni basalti, lile jiwe jeusi la volkano. La hasha! Rangi hiyo hutokana na chembe ndogo mno za madini ya chuma, na silika yake hupita asilimia 65, ilhali ya basalti ni 50 hivi. Tena baadhi ya obsidiani ikichomwa sana hutoa povu, ikafanana na pamisi yenyewe. Ya Eburru ilichongwa kuwa zana za kukatia tangu Zama za Mawe.