Paa la Makuti: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuezeka

Paa la makuti huipoza nyumba, lakini kasoro zake nyingi hudhihirika masika yanapoingia, fundi akiwa amekwisha kulipwa na kuondoka. Yafaa mteja azingatie mambo yafuatayo mapema.

Kwanza, aina ya makuti. Kuti la viungo, ambalo majani yake ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa yakiwa yamebanana, ndilo bora kwa kuezekea. Kuti la kumba, ambalo husukwa, hufaa zaidi kwa ua. Chagua makuti makavu yasiyo na ukungu, na uyahesabu unapoyapokea.

Pili, mwinamo. Paa lililolala hukawia kukauka, na makuti huoza upesi. Mwinamo wa nyuzi 45 hivi huteremsha maji vizuri.

Tatu, nafasi. Fundi huanza kuezeka upenuni na kupanda hadi kileleni, kila safu ikiifunika ile ya chini yake. Safu zikiachana mno, makuti machache hutumika na bei hushuka, ila paa huvuja mapema. Kwa hiyo, unapolinganisha bei, uliza pia idadi ya makuti na nafasi kati ya safu, nayo yaandikwe katika mapatano. Kabla ya malipo ya mwisho, simama ndani wakati wa mchana: mahali penye kupenya mwanga patapenya maji.

Mwisho, makuti hushika moto kwa urahisi. Jiko la kuni liwe mbali, na nyaya za umeme zipitishwe ndani ya mabomba.