Unanunua Gari la Umeme Lililotumika? Pima Betri Kwanza, Pesa Baadaye

Uko kwenye yadi ya magari pale Ngong Road. Mbele yako kuna Nissan Leaf iliyotoka Japani. Rangi inang'aa, viti ni safi, na kilomita ilizotembea ni chache. Muuzaji anakuambia: "Hii ni ya umeme, boss. Petroli utaisahau. Lakini kuna mteja mwingine anaingojea, tuma arubuni sasa hivi nikuwekee." Simu tayari iko mkononi. Utume?

Ngoja kidogo. Gari la petroli ungelisikiliza injini na kuangalia moshi. La umeme halina moshi wala mngurumo. Uzee wake umejificha ndani ya betri, na betri ndiyo kitu cha bei kali zaidi kwenye gari hilo. Leo tunakuonyesha jinsi ya kuipima, kisha jinsi ya kulipa bila kujuta.

Inazeeka kama ya simu yako

Simu yako ilipokuwa mpya, chaji ilikaa siku nzima. Miaka miwili baadaye unatembea na chaja mfukoni. Betri ya gari nayo ni ya lithiamu, na inachoshwa na mambo yale yale: miaka, joto, kukaa na chaji asilimia 100 kwa muda mrefu, na kuchajiwa kwa kasi kila mara. Betri ya Leaf kuukuu kama hii haipozwi kwa maji kama ya magari mengine mengi ya umeme, inategemea hewa tu. Ndiyo maana Leaf mbili za mwaka mmoja, zenye kilomita sawa, zinaweza kuwa na betri tofauti kabisa.

Kumbuka pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Betri ilianza kuzeeka tangu gari likiwa jipya kule Japani, si siku liliposhushwa bandarini Mombasa.

Fanya hesabu ya safari zako

Ukubwa wa betri hupimwa kwa uniti, zile zile unazonunua kwa tokeni za stima. Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, zilikuwa na uniti 24. Baadaye zikaja za 30, 40 na 62. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, ile ya uniti 24 ilienda kama kilomita 117 ikiwa mpya, na ya uniti 40 kama kilomita 243. Ukiona tangazo la Japani linasema kilomita 400 kwa hiyo ya uniti 40, usipange safari nalo. Kipimo chao cha zamani kilikuwa cha ukarimu mno.

Sasa tuseme unauziwa ya uniti 40 na afya ya betri ni asilimia 75. Zile kilomita 243 zinabaki kama 182. Ukiacha akiba ya asilimia 20 ili usikwame njiani, una kilomita 145 hivi za kutumia. Anayeishi Thika na kufanya kazi katikati ya Nairobi anahitaji kama kilomita 90 kwenda na kurudi. Huyo yuko sawa. Lakini mwenye teksi anayezunguka kilomita 200 kwa siku atakuwa kwenye chaji wakati wenzake wanabeba abiria, na mkopo wa gari haungoji.

Vipimo vitatu kabla ya kulipa

1. Hesabu vistari. Kando ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi ya Leaf kuna vistari vidogo 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hakipotei mpaka betri ipungue kwa takriban asilimia 15, kwa hivyo kuviona vyote 12 si ushahidi kwamba betri ni mpya. Tena, wakora wanaweza kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vistari virudi. Baada ya muda vinaanza kupotea tena, na pesa zako zishaenda.

2. Njoo na fundi wako. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Kitakuonyesha asilimia ya afya ya betri, kama kuna seli dhaifu, na gari limechajiwa kwa kasi mara ngapi. Usitumie fundi uliyeletewa na muuzaji.

3. Liendeshe. Andika asilimia ya chaji, endesha jumla ya kilomita 30, kwenda na kurudi pale pale ulipoanzia, ili milima na miteremko isawazishane. Likila asilimia 20, chaji nzima ni kama kilomita 150. Usiamini kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, kwa sababu gari linakisia tu kutokana na jinsi lilivyoendeshwa karibuni. Kipimo hiki ni kigumu kukichezea. Muuzaji akikikataa, umeshapata jibu lako.

Uliza pia kuhusu plagi. Leaf ya Japani huchajiwa kwa kasi kwa plagi ya CHAdeMO. Hakikisha vituo vya njia unazotumia vinayo.

Sasa tuongee pesa

Haraka ni silaha ya mkora. Usitume hata arubuni kabla ya vipimo hivyo vitatu. Mkikubaliana, lipa kwa namba ya biashara ya yadi, si namba ya simu ya broka. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na lililo kwenye makubaliano, simama hapo hapo. Aliyepokea pesa akishazitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi: afya ya betri siku ya kuuza, kiasi cha arubuni, na lini utarudishiwa ukibadilisha nia. Kabla ya kumaliza deni, tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen uone linamilikiwa na nani. Na usifute ujumbe wa malipo, ndiyo risiti yako.

Mwisho, betri ya asilimia 75 haimaanishi gari bovu. Inamaanisha ulipe bei ya gari la asilimia 75. Ukishajua namba hiyo, mwonyeshe muuzaji, kisha muanze kuongea bei upya.