Posho ya Nyumba na Posho ya Safari: Ipi Hutozwa Kodi?

Nyumba za Kaloleni na Ziwani, upande wa mashariki wa Nairobi, zilijengwa zama za ukoloni, wakati mfanyakazi alipohesabiwa kuwa mgeni wa mjini. Mshahara wake ulikadiriwa kwa mtu mmoja, na jamaa zake walibaki shambani. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilishauri kwamba mshahara umtosheleze mtu pamoja na jamaa yake. Hata hivyo, mpaka leo wengi wakaao mitaa hiyo wana makao mawili, na gharama zao ni mbili.

Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba posho ya nyumba haipasi kutozwa kodi ya mapato, maana fedha hizo huishia mkononi mwa mwenye nyumba. Dhana hiyo si sawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kulipia pango. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato huzihesabu fedha hizo kuwa sehemu ya mapato yake. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, mapato yanayozidi Shs. 32,333 kwa mwezi hutozwa asilimia 30, mpaka yafikapo Shs. 500,000. Basi karani wa Jericho mwenye mshahara wa Shs. 45,000 aongezewapo Shs. 10,000 za nyumba, karibu Shs. 3,000 katika hizo huenda kwa kodi. Wala pango la chumba, wala nauli ya basi la kwenda kuwaona watoto, haviwezi kupunguzwa katika hesabu hiyo.

Posho ya safari ni jambo lingine. Mtu atumwapo na mwajiri nje ya mahali pake pa kazi pa kawaida, posho ya kila siku huhesabiwa kuwa marejesho ya fedha alizotumia, nayo haitozwi kodi mpaka kiasi kilichowekwa. Kiasi hicho kilikuwa Shs. 2,000 kwa siku; tarehe 1 Julai 2025 kilipandishwa kuwa Shs. 10,000. Karani yule akipelekwa Kisumu siku nne kwa posho ya Shs. 8,000 kila siku, Shs. 32,000 zote husamehewa kwa sheria hiyo mpya. Posho ikizidi kiasi hicho, yapasa stakabadhi zionyeshe kwamba ziada ilitumika kwa kazi tu.

Lakini akihamishiwa Kisumu kabisa, huko ndiko kuwapo mahali pake pa kazi, na msamaha huo hukoma. Sheria haiulizi kwao mtu ni wapi. Huuliza kazi yake iko wapi.

Basi yafaa kila mfanyakazi aitazame hati yake ya mshahara kila mwezi. Akiona posho ya safari imetozwa kodi isivyopasa, amwendee mtunza hesabu na barua iliyomtuma. Na kabla ya kupanga chumba, ahesabu fedha zibakizo baada ya kodi, si zile zilizoandikwa katika barua ya kazi.