Somo la Redio: Kompyuta Inapoishuku Printa

Natumai chaki iko tayari na madaftari yako wazi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: printa, programu, kirusi, karantini. Andika kwa herufi kubwa, ili hata aliyeketi nyuma ayaone. Ninyi wengine yasomeni kwa sauti, silabi kwa silabi. Pri-nta. Pro-gra-mu. Ki-ru-si. Ka-ra-nti-ni. Vema.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye kompyuta, na hasa wenye maduka ya steshenari. Tuseme bibi mmoja ana duka la kuchapa na kutoa nakala. Amenunua printa mpya. Ndani ya sanduku mna karatasi inayomwambia apakue programu ya printa hiyo kutoka katika intaneti. Anafanya kama alivyoambiwa. Mara, pembeni mwa skrini, latokea onyo: kitu cha hatari kimeonekana, nacho kimezuiliwa. Printa haichapi. Wateja wanangoja mlangoni. Mmoja ataka barua ya kuombea kazi, mwingine ataka karatasi za mtihani, na mtihani ni kesho asubuhi. Bibi huyu afanye nini? Auzime ulinzi wa kompyuta ili kazi iendelee? Au airudishe printa kule alikoinunua?

Kabla ya kujibu, yatupasa tufahamu ni nani anayetoa onyo lile.

Printa haifahamu maneno ya kompyuta bila mkalimani. Mkalimani huyo ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate. Kirusi nacho ni programu vile vile. Si mdudu, wala hakiambukizi mtu homa. Ni maagizo yaliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya: kuiba, kuharibu, au kupeleleza. Basi mkalimani na mwizi wote wawili ni wa kabila moja, kabila la programu, na mlinzi wa kompyuta ana kazi ya kuwapambanua. Katika Windows 10 na Windows 11 mlinzi huyo amekwisha kuwekwa tayari, na jina lake ni Microsoft Defender. Wengine hununua walinzi wa kampuni nyingine.

Mlinzi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni daftari. Ndani yake zimeandikwa alama za virusi vinavyojulikana, kama askari anavyokuwa na alama za vidole vya wezi wa zamani. Faili ikifanana na alama mojawapo, inakamatwa. Njia ya pili ni kutazama mwenendo. Hapo mlinzi hamjui mtu, lakini anasema: huyu anaruka ua usiku, naye amebeba ngazi, nitamshika kwanza, maswali baadaye. Njia hii ya pili ni ya lazima, kwa kuwa virusi vipya huzaliwa kila siku na daftari haliwezi kuvitangulia. Lakini ndiyo pia iletayo maonyo mengi ya uongo.

Na programu ya printa, ndugu zangu, huenda na ngazi begani. Itazameni kazi yake. Inaingia ndani kabisa mwa kompyuta, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi. Inajiwasha yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Inapiga hodi katika mtandao wote wa nyumba ikiuliza, printa iko wapi? Inaacha mlango wazi ili kusikiliza jibu. Inapeleka habari kwa kampuni iliyoitengeneza, mathalani wino umebaki kiasi gani. Tena inajipakulia matoleo mapya bila kumwuliza mwenye nyumba. Mambo haya yote kirusi nacho huyafanya. Ikiwa programu yenyewe ni ya zamani na haina sahihi ya mtengenezaji, mlinzi ana haki ya kushuku.

Hata walinzi wa kampuni kubwa hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa daftari jipya la alama, na daftari hilo likaitaja faili moja ya Windows XP yenyewe kuwa ni kirusi. Faili hiyo ilikuwa kama mguu wa nyumba. Ilipoondolewa, kompyuta nyingi sana katika maofisi na mahospitali zikawa zinazima na kujiwasha pasipo kukoma. Na tarehe 4 Septemba 2022 Microsoft Defender alianza kupiga kelele kila mtu alipofungua Google Chrome, programu ambayo mamilioni ya watu huitumia. Daftari likasahihishwa upesi, na kelele zikakoma.

Basi mtu aweza kusema: kumbe onyo la printa ni la uongo tu, na tulipuuze. Hapa nawaomba mtulie na kusikiliza vizuri, maana hii ndiyo sehemu iliyonifanya nilichague somo hili.

Mwaka 2025 mtu mmoja wa Marekani, ambaye hutengeneza video za kuwaonyesha watu mashine mpya, alipewa printa ya kampuni ya Procolored aipime. Ni printa kubwa ya kuchapa picha juu ya vitu, na bei yake yapata dola 6,000. Programu yake ilikuja katika flashi. Alipoichomeka, kompyuta ikatoa onyo. Akawauliza wenye kampuni. Wakamjibu kwamba hilo ni onyo la uongo tu. Yeye hakuridhika, akatafuta msaada kwa wajuzi. Mchunguzi wa kampuni ya Ujerumani iitwayo G DATA akazipakua programu ambazo Procolored waliwapa wateja wao katika intaneti, akazipekua moja moja. Akakuta faili 39 zenye virusi.

Virusi vyenyewe vilikuwa vya namna mbili. Kimoja, kiitwacho XRed, humfungulia mtu wa mbali mlango wa nyuma: aweza kusoma herufi unazozipiga, na kupiga picha ya skrini yako. Cha pili, kiitwacho SnipVex, hungoja mtu anakili anwani ya kupokelea fedha za bitcoin, kisha huibadili kwa anwani ya mwizi. Mwenye fedha huamini kuwa anamlipa rafiki yake, kumbe anamlipa mwizi. Katika anwani hiyo ya mwizi zilikuwa zimekwisha kuingia bitcoin 9 na zaidi, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikaribia dola laki moja. Programu hizo zilikuwa zimekaa pale kwa muda wa miezi sita hivi kabla ya mtu kuzichunguza. Mwezi Mei 2025 kampuni iliziondoa, ikasema kwamba huenda virusi viliingia kwa njia ya flashi, na baadaye ikatoa programu safi.

Sijasimulia habari hii ili muziogope printa. Nimeisimulia kwa sababu maneno "ni onyo la uongo" ni rahisi kusema, na anayeyasema mara nyingi ni yule anayetaka kuuza. Kuna karatasi za maelezo zinazomwagiza mnunuzi azime ulinzi kwanza ndipo aweke programu. Kuna mafundi nao hufanya hivyo, ili wamalize kazi upesi waende zao. Mimi naona desturi hiyo ni mbaya. Ni kama kumwambia askari wa lango aende akalale kwa kuwa mgeni mmoja anataka kupita.

Haya, turudi kwa bibi yetu wa dukani, maana wateja wangali mlangoni.

Jambo la kwanza, asizime chochote. Faili iliyoshikwa imekwisha kutiwa karantini, yaani imefungiwa chumba cha peke yake. Haiwezi kumdhuru mtu wala kutoroka. Basi ana nafasi ya kufikiri. Afungue programu ya ulinzi, atazame historia ya mambo yaliyozuiliwa, akasome jina la faili, mahali ilipokuwa, na jina la onyo. Ayaandike katika karatasi. Jina la onyo lina maana. Kwa mfano, majina ya Defender yanayoishia na alama hii, !ml, yaonyesha kwamba kompyuta imekisia kwa kulinganisha mwenendo, haikumtambua mwizi fulani. Na herufi PUA zaonyesha programu isiyopendeza, kama ile inayoleta matangazo. Si lazima iwe kirusi.

Pengine ataona kwamba onyo halisemi habari ya kirusi hata kidogo. Windows ina ulinzi wa mafolda, unaoizuia programu isiyojulikana kuandika katika folda ya nyaraka zako. Programu ya printa ikitaka kuhifadhi karatasi uliyoipiga picha, huzuiliwa mlangoni. Hapo dawa ni kuiruhusu programu hiyo moja tu katika orodha ya ulinzi huo, lakini baada ya kuhakikisha asili yake kama nitakavyoeleza.

Pili, ajaribu kuishi bila programu ile. Watu wengi hawajui kwamba printa nyingi za siku hizi huchapa vizuri kwa kutumia mkalimani aliyemo ndani ya Windows. Aondoe programu ya kampuni, kisha afungue mipangilio ya Windows, achague printa, aagize kompyuta itafute. Ikipatikana, na achape. Huenda asipate picha nzuri za kuonyesha kiasi cha wino, lakini barua ya kuombea kazi itatoka, na mteja atakwenda zake. Kwa maoni yangu, nusu ya taabu hizi ingeisha kwa njia hii peke yake.

Ikiwa printa yake haikubali, basi na achunguze asili ya programu. Aliipakua wapi? Wengine huandika jina la printa katika intaneti, wakabofya jina la kwanza linalotokea, kumbe ni tangazo la matapeli. Afute faili hiyo, aandike mwenyewe anwani iliyochapwa katika sanduku au kitabu cha printa, apakue upya. Kisha abofye faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue sifa zake, atafute sahihi ya kidijitali. Sahihi hii ni kama lakiri juu ya bahasha. Mtu akibadili hata herufi moja ndani, lakiri huvunjika. Haithibitishi kwamba mwandishi ni mtu mwema, lakini yathibitisha kwamba barua imetoka kwake na haikufunguliwa njiani.

Kisha asasishe daftari la mlinzi na kuipima faili mara ya pili. Makosa ya daftari mara nyingi hurekebishwa kwa saa chache au siku chache. Na kama bado ana shaka, kuna mahali katika intaneti paitwapo VirusTotal, palipoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Ukipeleka faili huko, walinzi zaidi ya 60 huitazama kwa pamoja. Mmoja au wawili wakilalamika na wengine wote wakanyamaza, yaelekea ni kosa lao. Wakilalamika 20, ifute. Lakini msipeleke huko karatasi za siri, kama vile hati za wateja, maana watu wengine waweza kuziona.

Mambo haya yote yakikubaliana kwamba onyo ni la uongo, airudishe kutoka karantini faili ile moja, na kuiruhusu hiyo tu. Asiruhusu folda nzima, sembuse diski yote, kwa kuwa mwizi wa kesho ataingia kwa ruhusa ya leo. Kisha apeleke habari kwa kampuni ya mlinzi. Microsoft wana ukurasa wa kupokea faili za namna hiyo, nao huzichunguza na kusahihisha daftari, na mwenye duka wa mji mwingine asipate taabu ile ile.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja apige mistari minne katika daftari lake. Wa kwanza aandike: Jina la faili. Wa pili: Mahali ilipokuwa. Wa tatu: Jina la onyo. Wa nne: Nimeipata wapi. Mwenye kompyuta kazini au nyumbani ajaze mistari hiyo siku atakapoona onyo, na amwonyeshe mwalimu au fundi kabla hajabofya neno lolote. Juma lijalo tutasoma juu ya namna ya kuweka nakala za akiba. Kwaherini.